Bitana ya Dohani

Nikimwambia mtu kwamba nyumba yetu ya Dubai ina dohani, hucheka kwanza, kisha huuliza ni ya kazi gani. Katika mji ambao watu huwasha kiyoyozi kabla hawajavua viatu, dohani ya nini? Zamani nilikuwa naudhika na kuanza kueleza. Siku hizi sielezi kitu. Namkatia mkate wa mofa wa moto, namwacha atafune, na maswali humwishia kinywani.

Nyumba yenyewe iko Rashidiya, ya zamani, ina ghorofa moja tu juu na kuta nene ambazo msumari hauingii bila ugomvi. Baba mkwe wangu aliijenga kwa mikono yake. Alikuwa mwashi wa Unguja aliyekuja huku akiwa kijana, akajenga nyumba za watu hadi akapata nafasi ya kujenga yake. Nyuma, kwa kuegemea ukuta wa nyumba, alimjengea mkewe jiko la pekee, na ndani yake tanuri la udongo la kuokea mofa, ile mikate ya unga wa mtama inayobandikwa ukutani mwa tanuri mpaka iive. Juu ya tanuri akaweka kofia ya matofali ya kukusanya moshi. Kutoka kwenye kofia, dohani ilipanda ndani ya ukuta, ikapinda kidogo, ikapita nyuma ya chumba chao cha kulala, ikatokea juu ya paa. Angeweza kuipitisha moja kwa moja bila kukigusa chumba. Aliipindisha kusudi, kwa sababu mkewe alilalamika baridi ya Januari, na ukuta wenye dohani hukaa na joto mpaka asubuhi.

Mimi nililetwa hapa bi harusi kutoka Mombasa, na ulimi wangu nikaja nao. Mwaka wa kwanza mimi na mama mkwe tuligombana juu ya kila kitu kinachoingia sufuriani, hasa tui la nazi, ambalo yeye alilitaka zito na mimi nikiliona zito mno. Sijui hasa ni siku gani tuliacha kugombana. Najua tu kwamba baba mkwe alipofariki, mtu aliyekuja kuketi jikoni kwangu bila kusema neno alikuwa yeye, na mtu niliyetaka aketi hapo alikuwa yeye. Mama yangu mzazi nilimpoteza ningali msichana. Huyu nilimpata ukubwani, na nilimpenda kwa ukali wangu uleule ninaopendea vitu vyote.

Baada ya eda aliendelea kuwasha tanuri kila Ijumaa. Ramadhani aliwasha kila alasiri, na kabla ya magharibi sahani zilikuwa zimefunikwa kwa vitambaa zinatoka mlangoni: kwa jirani yetu mwenyeji, kwa familia ya Wahindi ng'ambo ya barabara, kwa walinzi wa msikitini. Watu wa mtaa huu wanamjua kwa mofa. Wengine hata jina lake hawalijui, wanamwita Mama wa Mkate, na yeye hufurahi.

Mambo yalianza Shaaban, wakati sisi watu wa pwani tunapopindua nyumba juu chini kuisafisha. Nilifua mapazia, nikatoa mazulia juani, nikabaki na kabati la mama mkwe. Miaka ya karibuni alikuwa akinikataza kulisogeza. "Liache hilo, mwanangu, miguu yake mibovu," ndiyo yaliyokuwa maneno yake. Siku hiyo alikwenda kumjulia hali jirani, na mimi si mtu wa kuacha vumbi mahali kwa sababu ya miguu ya kabati. Nililivuta. Miguu ilikuwa mizima kabisa.

Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kutoka usawa wa kifua hadi darini. Katikati ya weusi huo palikuwa na ufa unaoingia kidole, na ufa wenyewe ulikuwa umezibwa kwa vipande vya kanga kuukuu vilivyopachikwa kimoja kimoja. Nikafikiri amezibia mende. Nilichomoa kimoja, nikakinusa. Kilinuka moshi, tena moshi mbichi, si wa zamani.

Ndipo nilipoelewa kwa nini kila Jumamosi aliamka na kichwa kinamgonga, naye akisema ni jua la jana. Na nikaelewa kwa nini hatukunusa kitu. Mama mkwe alikuwa akifukiza udi kila magharibi. Alifukiza chumba, alifukiza kanga zake, alifukiza mito na mapazia, hadi mgeni akiingia alifikiri kuna harusi. Katika nyumba zetu, nani amuulize mama mtu mzima kwa nini anafukiza udi? Angeacha, ndipo ungemuuliza. Mimi nilikuwa nikimsifu. Nilikuwa nampelekea na makaa mwenyewe, nayatia kwenye chetezo, na chini ya manukato yote hayo moshi wa tanuri ulikuwa unaingia chumbani kwake utakavyo.

Mume wangu aliporudi kazini nilimpandisha juu moja kwa moja. Yeye anafanya kazi ofisini, kwenye ghala moja kule Dubai Investments Park, na kila mwezi wanafundishwa habari za moto na gesi, kwa hiyo anaogopa hata mshumaa. Aliuona ukuta akawa kama mgonjwa.

"Khalas," akasema. "Tanuri linafungwa. Naleta watu, wanajaza zege humo ndani, mambo yanakwisha."

Mama yake alikuwa amesharudi na kusimama mlangoni, buibui bado mwilini. Alilitazama kabati, akautazama ukuta, akanitazama na mimi.

"Mkilifunga mnipeleke Maskati kwa dada yako," akasema. "N'takaa huko ghorofani kwake nitazame lifti inavyopanda na kushuka."

"Mama, moshi huu hauna mzaha. Utalala usiamke."

"Kwani baba yako si alilala hakuamka? Na hakuvuta moshi wowote."

Akateremka. Tulimsikia chini anapepeta unga, kwa nguvu, kama unga ndio uliomkosea.

Mume wangu hakuwa na kosa, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Alimtaka mamake awe hai. Mimi nilimtaka awe hai na awe na tanuri, maana nilijua bila tanuri atakuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe, mzee wa kuletewa chai na kuambiwa akae asichoke. Tuligombana jikoni kwa sauti za chini, jambo ambalo kwangu ni kazi kubwa. Mwisho nikamwambia anipe mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Dohani ikitengenezeka, tanuri linabaki. Isipotengenezeka, alete zege lake na mimi mwenyewe nitashika koleo. Akakubali kwa masharti mawili: moto usiwashwe, na Mama ahamie chumba cha chini. Mama mkwe alihama na godoro lake, mito yake na chetezo chake, bila kumsemesha mtu.

Nikaanza kutafuta fundi. Kampuni ya kwanza ilimtuma kijana wa tai mwenye ofisi Marina, anayenukia vizuri kuliko mimi. Aligonga kofia ya tanuri kwa kidole, akanishauri tuing'oe tuweke televisheni. Nilimpa chai kwa adabu tu. Wa pili, kwenye simu, aliniuliza kama nina maana ya jiko la kuchomea nyama. Wa tatu alikuja, akatazama juu, akasema "inshallah" kwa namna ile ambayo unajua hutamwona tena, na kweli sikumwona.

Nilikwenda mwenyewe Ras Al Khor, kwenye vichochoro vya gereji, wanakokunja mabomba ya magari na ya majiko ya mikahawa. Huko nikampata Mganda mmoja, miwani ya kuchomelea kaipandisha juu ya paji la uso, anazungumza na watu watatu kwa lugha tatu. Nilimweleza. Hakucheka, na kwa hilo peke yake nilikuwa tayari kumpa kazi.

"Madam, mimi moshi nimefukuza kwa hoteli nyingi kule Marina," akasema. "Ya nyumba moja itanishinda?"

"Umewahi kutengeneza dohani ya nyumba?"

"Bado. Lakini moshi ni moshi."

Alikuja na kamba, tochi na soksi. Aliiwasha simu yake irekodi, akaitia ndani ya soksi iliyotobolewa tundu la kamera, akaifunga tochi pembeni, akaiteremsha dohanini kutoka juu ya paa polepole. Kisha tukakusanyika jikoni, vichwa vitatu juu ya kioo kimoja, kutazama tumbo la nyumba yetu. Baba mkwe alikuwa ameitandika dohani kwa ndani mabomba mafupi ya udongo wa kuchoma, moja juu ya jingine. Mengi yalikuwa yamepasuka. Penye kona, nyuma ya chumba, moja lilikuwa limevunjika kabisa na vipande vyake vimeanguka, na moshi ulijipitia hapo kwenda kwenye ufa.

"Hebu rudisha nyuma kidogo," mama mkwe akasema.

Fundi akarudisha.

"Simamisha hapo."

Kwenye saruji iliyounganisha mabomba mawili palikuwa na alama za vidole vinne, mtu alipoisawazisha kwa mkono badala ya mwiko.

"Vidole vyake hivyo," akasema. "Kila siku nilimwambia avae glovu."

Baadaye fundi alimweleza taratibu, akimwita Jaja kama wanavyowaita bibi zao kwao, kwamba bomba la ndani limekufa, litatolewa lote, na badala yake litaingia bomba la chuma kisichoshika kutu, linalopindika, lililovikwa blanketi la kuzuia joto.

"Ukuta wa nje unabaki?"

"Unabaki, Jaja. Ni ya ndani tu tunabadilisha."

"Kama bitana ya koti."

"Eeh. Kama bitana."

Tangu hapo bomba lile halikuitwa jina jingine nyumbani kwetu. Hata mume wangu, aliyekuwa hataki kuyasikia mambo hayo, aliuliza siku moja kwenye chai, "Bitana imefikia wapi?" Mamake akajifanya hakusikia.

Kazi ya kuvunja ilikuwa chafu kupita nilivyodhani. Fundi aliteremsha mnyororo mzito kutoka juu ya paa akawa anauzungusha, na mabomba ya zamani yakashuka vipande vipande pamoja na masizi ya miaka yote hiyo ya Ijumaa. Mama mkwe alikuwa amelifunika tanuri kwa magunia yaliyoloweshwa maji na mkeka mkuukuu, akakaa mbele yake na kanga puani, akimhesabia fundi makosa. Nilipomvuta atoke alikuwa mweusi uso mzima, macho tu yanang'aa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kabati akacheka. Nami nikacheka hadi nikakaa chini.

Furaha hiyo haikudumu. Bomba jipya lilipokuja, lilikuwa fupi. Fundi alikuwa amepima ukuta kwa nje, kutoka paani hadi jikoni, akaisahau kona ya baba mkwe. Lilining'inia ndani ya dohani likiwa limepungua kiasi cha mkono mzima. Na mitaani watu walikuwa wameshaanza kununua tende.

Nilipandwa na mori. Nilimwambia maneno ya Mombasa ambayo nashukuru mengine hakuyaelewa. Alisimama ananisikiliza, miwani mkononi.

"Pole, madam. Nilipima ukuta, sikupima kona. Hii ni makosa yangu, nitatengeneza."

"Lini? Mwezi ukishaandama?"

Mama mkwe akanishika bega. "Mwache, mwanangu. Amekosea kipimo, hajakosea adabu. Mpe maji anywe."

Nikampa maji. Akaenda na bomba lake Ras Al Khor, na mimi nikakaa siku kadhaa kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Mume wangu nilimsikia kwenye simu akiuliza bei ya zege.

Fundi alirudi siku ileile ambayo jioni yake watu wangetazama mwezi. Safari hii bomba lilikuwa na urefu wa kutosha na ziada. Alipanda nalo juu ya paa na mwenzake mmoja, wakaanza kulisukuma. Lilishuka vizuri mpaka kwenye kona, likakwama. Wakavuta, wakasukuma, wakapiga kelele kwa Kiganda. Likakwama palepale.

Mama mkwe alikuwa jikoni chini ya kofia, anasikiliza.

"Wanafanyaje hao?" akaniuliza.

"Wanasukuma."

"Wanasukuma! Mimi nimetia kamba za suruali za mume na watoto maisha yangu yote, hakuna hata moja niliyoisukuma. Waambie wateremshe kamba, tuivute huku chini."

Nikapanda ngazi nikawaambia. Fundi akalivuta bomba juu, akafunga kamba kwenye ncha yake ya chini, akaitanguliza na jiwe. Niliporudi jikoni tulilisikia jiwe linagonga, likapita kona, likatua mbele ya tanuri. Nilishika kamba nikavuta kwa nguvu zangu zote. Bomba likasogea kidogo, likagoma. Sina mwili wa kazi hiyo. Mama mkwe alitaka kushika nyuma yangu, nikamkatalia kwa ukali.

Hapo mlango wa jikoni ukafunguliwa, akaingia mume wangu, kitambulisho cha kazini bado shingoni. Nilijua amekuja kutazama kama muda umekwisha. Alitazama kamba, akamtazama mamake aliyesimama na masizi kwenye paji la uso, akatazama juu ndani ya dohani ya babake. Kisha akavua viatu, akakunja mikono ya shati, akashika kamba mbele yangu.

"Yalla!" fundi akapiga kelele kutoka juu. "Moja, mbili!"

Tulivuta. Juu walilizungusha bomba wakati sisi tunavuta, nalo likajipinda likaifuata kona ya baba mkwe kama alivyoipanga, likashuka lote mpaka kwenye kofia na kutuangushia vumbi jeusi vichwani. Mume wangu alikohoa, akacheka, shati lake la kazini likawa si la kazini tena.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Fundi aliziba kwa juu, akaweka kofia ya chuma ya kuzuia mvua na ndege, akaunganisha kwa chini kwenye matofali. Ikabaki kujaribu. Alitaka kuchoma maboksi mabichi yatoe moshi mwingi. Mama mkwe akamtolea macho.

"Takataka haichomwi humu. Humu hupikwa chakula."

Akawasha makaa mwenyewe, na yalipokolea akatupa konzi nzima ya ubani. Moshi mweupe ukapanda, ukavutwa juu kwa mkupuo, na jikoni hapakubaki hata uzi wake. Tukapanda mbio chumbani. Mume wangu aliweka pua kwenye ule ufa, akatembeza pua ukutani mpaka kwenye kona, kama paka aliyesikia harufu ya samaki. Mimi nikanusa upande wa pili. Mama mkwe alikaa kitandani mikono mapajani, hanusi kitu, anatutazama sisi tu. Sijawahi kumwona mtu akitazamia hivyo.

"Hakuna," mume wangu akasema. Akanusa tena. "Hakuna kitu, Mama."

Mama mkwe aliinamisha kichwa akasema alhamdulillahi. Nje, misikiti ilitangaza kwamba mwezi umeonekana.

Mume wangu alinunua pia kidude cha kengele, kinacholia gesi mbaya ikiwa chumbani, akakipigilia ukutani mkabala na kitanda. Ufa tukauziba kwa saruji na kupaka rangi. Mama mkwe alirudi chumbani kwake na godoro lake. Ukuta siku hizi haupati moto kama zamani, huwa vuguvugu tu, lakini anasema unamtosha. Kichwa hakimgongi tena.

Tulikuwa tumeshaingia katikati ya mfungo nilipotambua kwamba chetezo hakijawashwa. Nikafikiri labda swaumu inamchosha. Lakini Alhamisi, usiku wa kuamkia Ijumaa, akakiwasha kama desturi, kisha hakukigusa tena mpaka Alhamisi nyingine. Siku moja nilimpelekea kanga zilizopigwa pasi, nikafungua kabati kuzipanga, nikaliona kopo lake la udi. Lilikuwa limejaa mpaka kwenye mfuniko. Nikasimama nalo mkononi. Nikakumbuka miguu mizima ya kabati, na vile vipande vya kanga vilivyopachikwa kimoja kimoja. Mende hawazibiwi kwa uangalifu namna ile.

"Mama," nikasema. "Ulijua."

Alikuwa anakunja mswala. Aliukunja hadi mwisho kabla ya kunijibu.

"Tangu mwaka juzi."

"Na hukusema!"

"Ningesema mngelifunga."

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Nilimwambia angekufa, angekufa humu ndani huku mimi namletea makaa ya kufukizia. Alinivuta nikakaa kando yake, akanifuta uso kwa ncha ya mtandio wake, akaniambia nisilie sana nitabatilisha swaumu yangu, jambo ambalo si kweli na yeye anajua si kweli.

Jioni ile mofa ilikuwa nzuri kuliko siku zote, na mchuzi wa samaki wenye tui zito mno. Tulikwishafuturu, mume wangu akajinyoosha, akavuta pumzi, akageuka huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu.

"Mama, mbona siku hizi nyumba hainukii udi?"

"Umeniishia, baba," mama mkwe akasema, hakuinua macho kwenye sahani yake.

"Basi kesho n'tapitia sokoni nikuletee."

"Usijisumbue."

Akanitazama mimi. Nami nikamsogezea mume wangu mkate mwingine.